Kuibomoa, Kuituliza au Kuipita: Ulinganisho wa Njia Tatu za Kukabili Tishu Inayouzunguka Uvimbe wa Kongosho

Mtaalamu wa patholojia anapokitazama kwa hadubini kinyama kilichotolewa kwenye uvimbe wa kongosho, sehemu kubwa ya anachokiona huwa si saratani. Seli za saratani zenyewe huonekana kama visiwa vidogo vilivyotawanyika ndani ya tishu ngumu yenye nyuzi, na kwa wagonjwa wengi tishu hiyo, ambayo wataalamu huiita stroma, huweza kuchukua hadi asilimia 80 au 90 ya ukubwa wote wa uvimbe. Ninayoizungumzia hapa ni adenokasinoma ya mirija ya kongosho, aina inayofikia takribani asilimia 90 ya saratani zote za kiungo hiki. Ni wagonjwa wasiozidi mmoja kati ya watano wanaogunduliwa wakati uvimbe bado unaweza kuondolewa kwa upasuaji, na hata nchini Marekani ni takribani asilimia 13 tu wanaokuwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa.

Swali la nini kifanyike kuhusu tishu hiyo limewagawa watafiti kwa karibu miaka ishirini. Wapo waliotaka kuibomoa ili dawa ipate njia ya kupita. Wapo wanaotaka kuituliza ili irudie tabia iliyokuwa nayo kabla ya ugonjwa. Na wapo wanaoona kwamba iachwe kama ilivyo, nguvu zote zielekezwe kwenye seli ya saratani, kwa kuwa anayetoa amri akinyamazishwa, wanaoitii nao hulegea. Nazilinganisha njia hizo kwa ajili ya wasomaji wa aina mbili: ndugu wa mgonjwa aliyekabidhiwa fomu ya kujiunga na jaribio la dawa na kutakiwa kuamua, na daktari au mwanafunzi kijana anayetafuta mahali pa kuelekeza utafiti wake. Mizani ninayoitumia ina mambo matatu, nayo ni kile kilichoonekana kwa binadamu na si kwa panya peke yake, madhara yaliyojitokeza, na uwezekano wa kuipata dawa yenyewe. Sitaficha kwamba njia ya kwanza naiona imeshindwa, ya pili ina hoja nzuri kuliko ushahidi wake, na ya tatu ndiyo pekee iliyorefusha maisha ya wagonjwa katika majaribio makubwa.

Tishu yenyewe na kazi zake

Katika kongosho lenye afya zimo seli ziitwazo seli nyota, kwa sababu ya umbo lao lenye matawi. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, moja la Sydney nchini Australia na jingine la Ulm nchini Ujerumani, yalifanikiwa kuzitenga na kuzikuza maabara, na tangu hapo zikaanza kueleweka. Zikiwa zimetulia, seli hizi huhifadhi vitamini A katika matone madogo ya mafuta na hazisumbui. Kongosho likijeruhiwa, hupoteza matone hayo, hugeuka kuwa fibroblasti (seli zinazojenga nyuzi za tishu) zenye bidii, na huanza kumwaga kolajeni, protini ya nyuzi, kwa namna ileile ambayo kidonda cha ngozi huzibwa. Kidonda cha ngozi kikishafunga, ujenzi husimama. Katika saratani hausimami, kwa kuwa seli za saratani, ambazo kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa zina badiliko katika jeni ya KRAS, inayoamuru seli ikue, huendelea kutoa protini za kuashiria, zikiwemo Sonic hedgehog na TGF-beta, zinazoitaka tishu jirani iongeze kovu juu ya kovu.

Kovu hilo huifaa saratani kwa njia kadhaa. Kolajeni pamoja na asidi ya hayaluroni, molekuli ndefu inayonyonya maji na kuvimba kama uteute, huibana mishipa midogo ya damu hata mingine ikakosa kupitisha damu, na dawa inayosafiri kwa damu hufika ikiwa kidogo. Seli nyota huilisha saratani pia: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba huzivunjavunja sehemu zao wenyewe na kutoa alanini, ambayo seli za saratani huitumia kama nishati mahali ambapo sukari ni haba. Tena kuna fibroblasti zinazotoa kemikali iitwayo CXCL12, ambayo huzifanya seli T za kinga zibaki pembeni zisiingie walipo maadui zao. Mtu akiishia hapa atahukumu kwamba tishu hii ni mshirika wa saratani na kwamba iondolewe haraka, na ndivyo wengi walivyohukumu. Ila boma linalomficha mwizi asionekane ndilo hilohilo linalomzuia kutoka kwenda kwa majirani, na ilichukua miaka mingi na maisha ya wagonjwa kulifahamu hilo.

Njia ya kwanza: kuibomoa

Hoja ya wabomoaji ilikuwa nyepesi kueleweka, na jaribio lililoipa nguvu lilikuwa zuri. Mwaka 2009 kundi lililofanya kazi Cambridge, Uingereza, lilitumia panya waliobadilishwa jeni hadi wakapata saratani ya kongosho inayofanana sana na ya binadamu, likawapa dawa ya kuzuia ishara ya hedgehog, iliyoitwa IPI-926, pamoja na gemsitabini, dawa ya kemotherapi. Stroma ilipungua, mishipa ya damu ikaongezeka kwa muda, gemsitabini ikaingia kwenye uvimbe kwa wingi zaidi, na kipindi cha kati cha kuishi kikapanda kutoka siku 11 hadi siku 25. (Kipindi cha kati ni muda ambao nusu ya waliofuatiliwa wamekwisha kufariki na nusu wangali hai, kipimo hiki kitarudi mara nyingi hapa chini.) Msomaji makini angeweza kuiona hatari hata wakati ule, kwa kuwa wingi wa mishipa haukudumu na panya hao nao walikufa baada ya muda mfupi, lakini matumaini yalikuwa makubwa kuliko tahadhari.

Dawa hiyo ilipelekwa kwa binadamu. Januari 2012 kampuni iliyokuwa ikiifanyia jaribio la awamu ya pili ililisimamisha, kwa sababu wagonjwa waliopewa IPI-926 na gemsitabini walikuwa wakifariki mapema kuliko waliopewa gemsitabini na dawa bandia. Dawa nyingine ya kundi hilo, vismodegibu, ilijaribiwa kwa wagonjwa 106 na haikuongeza chochote cha maana.

Maelezo ya kushindwa huko yalikuja mwaka 2014, pale makundi mawili ya watafiti wa Marekani yalipochapisha kwa wakati mmoja matokeo yaliyoelekea upande uleule. Kundi la kwanza lilimwondolea panya jeni ya Sonic hedgehog tangu mwanzo wa uvimbe. Stroma ikapungua kama ilivyotazamiwa, lakini uvimbe ukawa mkali zaidi, wenye seli zisizokomaa, wenye mishipa mingi na wenye kusambaa. Kundi la pili, la Texas, liliziua moja kwa moja fibroblasti zenye protini ya aktini ya misuli laini, likaona panya wakifa mapema, uvimbe ukipenya tishu jirani kwa kasi, na seli za kinga zenye kazi ya kupoza mashambulizi zikiongezeka. Kundi hilohilo likageukia vinyama vya wagonjwa na kukuta kwamba wenye fibroblasti chache za aina hiyo waliishi muda mfupi zaidi. Mwaka 2021 ikaja kazi nyingine iliyoondoa kolajeni ya aina ya kwanza kutoka kwenye fibroblasti hizo za panya, na hapo pia saratani ikaenda mbio.

Ningependa kuishia hapo, ila ipo sura ya pili ya ubomoaji ambayo inastahili nafasi zaidi, kwa kuwa iliwahusisha wagonjwa wengi na ilipangwa kwa uangalifu. Badala ya kuziua seli, watafiti walilenga asidi ya hayaluroni peke yake, kwa kutumia kimeng'enya kinachoikatakata, kilichoitwa PEGPH20. Katika panya, mishipa ilifunguka na dawa ikaingia. Katika jaribio la awamu ya pili lenye wagonjwa 279, waliokuwa na asidi hiyo kwa wingi kwenye uvimbe walikaa miezi 9.2 kabla ya ugonjwa kuendelea, wakati wenzao waliopewa kemotherapi peke yake walikaa miezi 5.2. Damu kuganda kwenye mishipa kulijitokeza kama dhara, na wagonjwa wakalazimika kuchomwa sindano za enoksaparini za kuzuia kuganda huko. Kwa hesabu za wakati ule, hiyo ilionekana kuwa bei inayolipika.

Majaribio mawili yaliyofuata yaliifuta hesabu hiyo. La kwanza liliichanganya PEGPH20 na FOLFIRINOX, mchanganyiko mkali wa dawa nne, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2019 ni miongoni mwa yanayohuzunisha zaidi katika uwanja huu: kipindi cha kati cha kuishi kilikuwa miezi 7.7 kwa waliopewa kimeng'enya, dhidi ya miezi 14.4 kwa waliopewa FOLFIRINOX peke yake. Madhara ya tumbo na ya damu kuganda yaliwafanya wengi wapate dozi chache za dawa zile zenye kufaa. La pili lilikuwa la awamu ya tatu, likiwachagua wagonjwa 494 wenye asidi ya hayaluroni nyingi tu, yaani wale ambao njia hii ilipaswa kuwafaa kuliko wote. Uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 47 yao, dhidi ya asilimia 36 katika kundi la kulinganishia, lakini kuishi hakukubadilika: miezi 11.2 dhidi ya 11.5. Novemba 2019 matokeo yalitangazwa na kampuni ikaiacha dawa hiyo.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu lina funzo ambalo fomu za majaribio haziliandiki. Uvimbe uliosinyaa kwenye picha ya CT si sawa na maisha yaliyorefuka, na dawa iliyoingia kwa wingi ndani ya uvimbe si sawa na mgonjwa aliyenufaika.

Njia ya pili: kuituliza

Baada ya mwaka 2014 lugha ya watafiti ilibadilika. Walianza kuuliza ni vipi fibroblasti iliyochokozwa inaweza kurudishwa kwenye utulivu wake, matone ya vitamini A yakiwa mahali pake. Mwaka huohuo watafiti wa taasisi ya Salk huko California walionyesha kwamba seli nyota zina kipokezi cha vitamini D, na kwamba kalsipotrioli, dawa inayofanana na vitamini hiyo na inayojulikana zaidi kama mafuta ya kupaka kwa ugonjwa wa ngozi wa soriasisi, huzirudisha kwenye utulivu. Panya waliopewa dawa hiyo pamoja na gemsitabini waliishi kwa asilimia 57 zaidi ya waliopewa gemsitabini peke yake. Mjini London, kundi jingine lilichukua upande wa vitamini A kwa kutumia asidi ya retinoiki, dawa ya zamani ya aina moja ya saratani ya damu, likaichanganya na kemotherapi katika jaribio la awamu ya kwanza lililochapishwa mwaka 2020, na kuona kwamba mchanganyiko huo unavumilika. Awamu ya kwanza hupima usalama na dozi. Haisemi kama mgonjwa ataishi zaidi.

Ugunduzi ulioipa njia hii msingi imara ulitoka Cold Spring Harbor, jimbo la New York. Mwaka 2017 watafiti wa huko walionyesha kwamba fibroblasti za uvimbe wa kongosho si za aina moja. Zipo zinazokaa jirani kabisa na seli za saratani, zenye nyuzi za kujikaza kama misuli, ambazo ndizo zinazojenga kolajeni. Na zipo zinazokaa mbali kidogo, zenye kazi ya kumwaga kemikali za uvimbeuchungu kama IL-6, ambazo huisaidia saratani na kuidhoofisha miili ya wagonjwa. Mwaka 2019 ikaongezwa aina ya tatu, yenye protini zinazotumika kuzionyesha seli za kinga sura ya adui. Mwaka huohuo ikafahamika pia nani anaamua seli iwe ya aina gani: TGF-beta huivutia kwenye ujenzi wa nyuzi, na IL-1 huivutia kwenye umwagaji wa kemikali za uvimbeuchungu. Seli ileile inaweza kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Hapo ndipo ugumu wa kuchagua unapoanza. Dawa inayozuia TGF-beta inaweza kupunguza wajenzi wa kovu na papo hapo kuwaongeza wachochezi, na dawa inayozuia wachochezi inaweza kuwaongeza wajenzi. Kama wajenzi ndio wanaoizuia saratani isitambae, basi anayetaka kutuliza anapaswa kujua kwanza ni nani anayemtuliza. Hata kolajeni yenyewe ina sura mbili: kazi iliyochapishwa mwaka 2022 ilionyesha kwamba kolajeni iliyo nzima huifinya saratani, ilhali kolajeni iliyokatwakatwa na vimeng'enya huiamsha ikue. Kwa hiyo kupima wingi wa kovu peke yake, kama ilivyozoeleka, hakutoshi. Hali ya nyuzi zenyewe nayo ina uzito.

Kwa binadamu, ushahidi wa njia hii bado ni mdogo na umechanganyika. Kinga-mwili iitwayo pamrevlumabu, iliyolenga protini mojawapo inayochochea kovu, ilifika awamu ya tatu kwa wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa umezingira mishipa mikubwa, na mwaka 2024 kampuni yake ikatangaza kwamba haikurefusha maisha. Matokeo yanayotajwa sana ni ya losatani, dawa ya kawaida ya shinikizo la damu. Inazuia njia ya angiotensini, ambayo pamoja na kazi zake nyingine huchochea TGF-beta na utengenezaji wa kolajeni. Katika panya, utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hupunguza mbano kwenye mishipa ya uvimbe na kuiacha damu ipite. Madaktari wa Boston wakaitumia kwa wagonjwa 49 wenye uvimbe uliokuwa hauwezi kuondolewa, pamoja na FOLFIRINOX na mionzi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikuwa mazuri isivyo kawaida: zaidi ya nusu yao walipasuliwa na uvimbe ukaondolewa wote, bila seli kuonekana kwenye kingo, na kipindi cha kati cha kuishi kikawa miezi 31.4.

Takwimu hiyo inavutia, na ndiyo sababu inahitaji kushikwa kwa uangalifu. Jaribio lile halikuwa na kundi la kulinganishia. Wagonjwa wote walipata FOLFIRINOX, ambayo peke yake inafanya kazi kubwa, wote walikuwa na afya ya kutosha kuivumilia, na walitibiwa katika hospitali yenye wapasuaji waliobobea. Sehemu ya losatani katika miezi hiyo 31 haiwezi kutenganishwa na sehemu ya mengine yote.

Njia ya tatu: kuipita

Njia hii haina mvuto wa nadharia kama zile mbili, lakini ina idadi za wagonjwa. Mwaka 2011, jaribio la Ufaransa lenye wagonjwa 342 wenye saratani iliyosambaa lilionyesha kwamba FOLFIRINOX inafikisha kipindi cha kati cha kuishi kwenye miezi 11.1, dhidi ya 6.8 ya gemsitabini. Mwaka 2013, jaribio la wagonjwa 861 lilionyesha kwamba kuongeza nab-paklitakseli (kemotherapi iliyobebwa na albumini, protini ya damu) kwenye gemsitabini kunakipandisha kutoka miezi 6.7 hadi 8.5. Mwaka 2023 mchanganyiko wa NALIRIFOX ukalinganishwa na huo wa nab-paklitakseli, ukapata miezi 11.1 dhidi ya 9.2. Ni hatua fupi, kila moja imelipiwa kwa uchovu, kuhara, ganzi ya vidole na damu kupungua, lakini ni hatua zilizothibitishwa kwa kulinganisha kundi na kundi.

Katika habari ya nab-paklitakseli kuna kisa kinachofaa kukumbukwa na mwanafunzi. Mwanzoni ilidaiwa kwamba dawa hii inafanya kazi kwa sababu ya stroma, kupitia protini iitwayo SPARC inayopatikana kwa wingi katika tishu hiyo, ambayo ingeivuta albumini iliyobeba dawa. Vinyama vya wagonjwa wa jaribio lile kubwa vilipopimwa baadaye, kiwango cha SPARC hakikutabiri ni nani angenufaika. Dawa ilifaa, maelezo yake hayakufaa.

Upande wa pili wa njia hii ni kuishambulia KRAS yenyewe. Kwa miongo kadhaa protini inayotengenezwa na jeni hiyo ilidhaniwa haishikiki kwa dawa. Sotorasibu, inayoshika badiliko moja liitwalo G12C, ilijaribiwa kwa wagonjwa 38 wa saratani ya kongosho waliokwisha kupokea tiba nyingine, na uvimbe ukapungua kwa asilimia 21 yao. Tatizo ni kwamba badiliko hilo hupatikana kwa asilimia 1 hadi 2 tu ya wagonjwa wa saratani hii. Dawa mpya zaidi zinazoshika aina nyingi za RAS (familia ya protini ambamo KRAS imo) kwa pamoja, daraxonrasibu ikiwa ya mbele, ziliingia katika jaribio la awamu ya tatu mwaka 2024.

Kinachoiunganisha njia hii na mada yetu ni jambo lililoonekana mwaka 2012 katika panya ambao KRAS yao iliweza kuwashwa na kuzimwa na mtafiti. Ilipozimwa, seli za saratani zilikufa au kurudi nyuma, na stroma nayo ikajipanga upya na kupungua bila kuguswa na dawa yoyote ya kuilenga. Hilo linaiunga mkono hoja ya wanaosema amri ikikoma, utii hukoma. Hata hivyo baadhi ya uvimbe wa aina hiyo ulirudi baadaye, KRAS ikiwa bado imezimwa, kwa kupata njia nyingine ya kujiendesha. Kwa hiyo sioni kama kuipita tishu ni jibu la kudumu, ila ni mahali salama zaidi pa kuanzia.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa ushahidi wa binadamu, njia ya tatu iko mbele kwa umbali usio na ubishi. Njia ya kwanza ina ushahidi mwingi pia, lakini ni ushahidi wa kushindwa, na katika majaribio mawili ni wa kudhuru. Njia ya pili iko katikati: jaribio moja lenye matokeo ya kuvutia lisilo na kundi la kulinganishia, mengine madogo ya usalama, na moja kubwa lililoshindwa. Kwa madhara, ubomoaji ulileta kuganda kwa damu na kuharakisha vifo, kemotherapi ina madhara mazito yanayojulikana na yenye namna ya kuyapunguza, na dawa za kutuliza zina madhara mepesi zaidi, ingawa wepesi huo hauna thamani kubwa kama faida yenyewe haijathibitishwa. Kwa upatikanaji, losatani iko katika duka la dawa la mtaani kuanzia Mombasa hadi Mwanza na ni ya bei nafuu, gemsitabini hupatikana katika hospitali chache zinazotibu saratani, na dawa mpya za RAS ziko ndani ya majaribio ya nchi za mbali.

Ndugu wa mgonjwa anayeishi Ulaya, Marekani au penginepo palipo na majaribio, ambaye amekabidhiwa fomu, ningemshauri aitazame kwa maswali yafuatayo. Je, dawa inayojaribiwa inaongezwa juu ya kemotherapi iliyothibitishwa, au inachukua nafasi yake? Kama inaongezwa, je, kuna dalili kwamba itamlazimisha mgonjwa apunguziwe dozi za kemotherapi, kama ilivyotokea kwa PEGPH20? Je, lengo la dawa ni kuondoa seli za tishu au kubadili tabia zake, na kama ni kuziondoa, watafiti wanaeleza vipi kwamba hawarudii kosa la 2012? Je, kinachopimwa mwishoni ni muda wa kuishi au ukubwa wa uvimbe kwenye picha? Na je, kitachukuliwa kinyama cha pili wakati wa matibabu, ili ijulikane kama tishu imebadilika kweli? Kinyama cha pili kinaumiza na kina hatari zake, lakini jaribio la stroma lisilokipanga haliwezi kujua kama limegusa kile linachodai kukigusa. Mgonjwa ambaye uvimbe wake haujasambaa na ambaye bado ana nguvu anaweza kulifikiria jaribio la kutuliza lililojengwa juu ya FOLFIRINOX. Mgonjwa ambaye saratani imekwisha kufika kwenye ini, ningetamani kwanza apimwe jeni za uvimbe, kisha aelekezwe kwenye kemotherapi au jaribio la RAS, kabla ya kufikiria dawa yoyote inayolenga tishu peke yake.

Kwa daktari au mwanafunzi, uchaguzi una sura nyingine, kwa maana mahali palipo na ushahidi mchache ndipo palipo na kazi. Sidhani kama kuna faida ya kutafuta kimeng'enya kingine cha kukata kovu. Swali linaloonekana kwangu kuwa na uhai ni la mpangilio wa wakati: kama KRAS ikinyamazishwa na stroma ikalegea yenyewe, je, huo ndio wakati wa kuleta dawa za kuamsha kinga, kabla seli zilizobaki hazijapata njia ya kuzunguka? Swali jingine, ambalo halihitaji maabara ya mamilioni, ni la kusoma vinyama: kupima, katika vinyama vilivyozamishwa ndani ya vipande vya nta na kuhifadhiwa kwenye idara za patholojia, ni nyuzi zipi nzima na zipi zimekatika, na ni fibroblasti za aina gani ziko karibu na saratani, kisha kulinganisha na muda ambao wagonjwa hao waliishi.

Kuhusu losatani lipo jambo la kuongeza, kwa kuwa ndiyo dawa pekee katika ulinganisho huu ambayo mtu anaweza kushawishika kujinunulia. Mgonjwa wa kongosho hutapika, huharisha na hupungukiwa maji, hasa akiwa kwenye FOLFIRINOX, na losatani katika hali hiyo inaweza kushusha shinikizo la damu hadi mtu akazimia, kupandisha potasiamu na kuumiza figo. Mjamzito haruhusiwi kuitumia kabisa. Vivyo hivyo vidonge vya vitamini D si kalsipotrioli, na dozi kubwa zake hupandisha kalsiamu katika damu, na vitamini A ya dukani si asidi ya retinoiki inayotolewa chini ya uangalizi wa hospitali. Mgonjwa ambaye tayari anatumia losatani kwa ajili ya shinikizo lake la damu asiiache wala asiongeze dozi kwa sababu ya yale yaliyoandikwa hapa. Amwambie daktari wake wa saratani kwamba anaitumia, na siku ambazo anaharisha sana au hawezi kunywa maji apige simu kuuliza kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo.